Ubao wa kusimama majini bei haishikiki: Unguja na Pemba tutumie nini badala yake?

#1 Kipepeo_Jambiani
Wadau, assalam alaykum. Ule ubao wa kupigia kafi umesimama, wanaouita SUP, ukiuulizia mpya wa kujaza upepo unatajiwa mamia ya dola, na hapo bado usafiri na ushuru. Wa faiba ndiyo hata usiuguse. Matumizi yenyewe madogo: ndani ya mwamba, Jambiani mpaka Paje, maji yakijaa, mtu mmoja wa kilo 75, labda na ndoo ya chambo. Mawimbi ya nje hayamo. Kuna kitu nafuu ambacho mtu anasimama juu yake, anapiga kafi, na hakimzungushi kama pia? Naomba vipimo, si "jaribu tu".

#2 pondo_refu
Kipo tangu enzi za mababu: mtumbwi na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chini. Maji ya kiunoni mpaka kifuani, pondo la futi 12, unasimama nyuma karibu na tezi na unausukuma. Mashindano ya bei yameishia hapo.

#3 Msasa80
Kumbe wageni wanapanda ndege kuja kulipia kusimama, na Chwaka watu wanasimama bure kila siku.

#4 Tezo_na_Randa
Mtumbwi sawa, lakini muulizaji asije akadanganyika. Mtumbwi wa mwembe wa futi 12 una tumbo la duara na upana wa inchi 18 mpaka 24. Ukisimama miguu sambamba kama kwenye ubao, unalo. Unaweka mguu mmoja mbele mmoja nyuma, magoti umeyalegeza. Na sababu ya mtumbwi mwembamba kusimamika ni kuwa nyayo zimo ndani, karibu na usawa wa maji au chini yake. Kwenye ubao nyayo ziko juu ya maji kwa sentimita kadhaa, basi upana wa inchi 22 unaotosha mtumbwini haukutoshi ubaoni. Ubao unataka inchi 30 kwenda juu.

Ukinunua wa zamani tazama omo (mbele) na tezi (nyuma) kwanza, ndiko mti unakopasukia. Gonga tumbo kwa kifundo cha kidole. Palipooza hapalii, panadunda kama mkate. Ufa mdogo unazibwa kwa pamba na mafuta, ufa mkubwa hupigiliwa bati juu ya lami. Usiuache juani mtupu, mwembe ukikauka haraka unafunguka. Kivulini, na makuti juu yake.

#5 Tausi_wa_Bwejuu
Sasa kama unapinduka si uwekewe matengo kama ngalawa? Au hata huo ubao wenyewe uwekewe.

#6 Tezo_na_Randa
Tausi, hapo dada pana mtego. Yale mabawa ya ngalawa (kuna wanaosema matengo, kuna wanaosema ndubi, tusigombanie majina) ni mbao bapa zilizowekwa mshazari. Si maboya. Ngalawa ikiwa na tanga na mwendo, ubao wa upande unaolalia unasukumwa juu na maji. Chombo kikisimama, nguvu hiyo inakwisha. Kwa mwendo wa kafi unataka kitu chenye hewa ndani.

Chukua paipu ya plastiki ya inchi nne, mita moja na nusu, uzibe ncha zote mbili kwa vifuniko na gundi yake. Ikizama yote inasukuma juu kwa kilo 14 na kidogo. Toa kilo mbili za paipu, zinabaki 12. Iweke sentimita 80 kutoka katikati, kila upande moja. Kilo 12 kwa sentimita 80 zinamzuia mtu wa kilo 75 aliyeegemea pembeni sentimita 12. Iguse maji kidogo tu. Ukiishusha inakuwa breki, na ukiivuta karibu kafi itaigonga kila ukivuta.

#7 MajiMafu
Kabla ya kuchagua chochote pigeni hesabu ya ujazo. Lita moja ya hewa inabeba kilo moja, maji ya chumvi yanakuongezea kidogo tu. Mtu kilo 75, ubao kilo 25, jumla 100. Lita 100 maana yake ubao uko sawa na maji na wewe umelowa mpaka vifundoni. Anayeanza ajenge mara mbili ya uzito wote, yaani lita 200. SUP nyingi za kujaza upepo ni futi 10 na nusu, upana inchi 32, unene inchi 6, na ujazo unafika lita 300 hivi. Ndiyo maana zinamvumilia kila mtu.

#8 Galoni_Njano
Lita 200 ni madumu 10 ya mafuta ya kupikia. Safu mbili za matano matano, yamelala, urefu karibu mita mbili. Fremu ya mianzi au mbao za mbili kwa mbili juu na chini, kamba ya nailoni inapita kwenye kila mkono wa dumu. Juu gonga plaiwudi au mbao nyepesi. Toa kilo moja kwa kila dumu, unabaki na kilo 190 za kuelea kabla ya fremu. Kifuniko ndicho adui: kata mpira wa tyubu ya baiskeli uuweke ndani ya kila kifuniko, kaza, halafu lilaze dumu ndani ya beseni usiku kucha uone kama linavuja.

#9 pondo_refu
Hicho ni chelezo, si ubao. Kinaelea, sikatai. Lakini pua zake mbili bapa zinasukuma maji mbele kama sepeto. Kwa kafi moja utajuta. Kwa pondo, maji ya magotini, sawa.

#10 Galoni_Njano
#9 shekhe, weka mbele kipande cha plaiwudi kilichopinda kuanzia chini ya fremu kwenda juu, mshazari wa nyuzi 30. Maji yanapita chini badala ya kugonga. Hakitakuwa mshale, lakini kinakwenda.

#11 Bi_Mwani
Wanaotumia chupa za maji za lita moja na nusu: chupa 140 zinafika lita 210. Siri iko kwenye saa ya kuziba. Ukiziziba mchana wa jua, zikiingia baharini hewa inapoa, chupa zinabonyea, na kamba zote zinalegea. Zizibe alfajiri hewa ikiwa baridi. Jua likipanda zinakaza zenyewe kama mpira. Na zitiwe ndani ya wavu, zisifungwe moja moja. Wavu ukikatika mahali, unashona. Chupa zikifungwa moja moja, ikichomoka moja zinafuatana, na hizo ni taka umemwaga kwenye mashamba ya mwani ya wenzio.

#12 Chombo_Kipya
Plastiki inafaa sana. Si mnakumbuka Flipflopi, lile dau la Lamu lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa kandambili? Lilikuja mpaka Unguja mwaka 2019. Basi mtu ayeyushe plastiki apate mbao zake.

#13 MajiMafu
Flipflopi kweli, lakini lile ni dau. Lina tumbo lenye hewa. Ubao mtupu wa plastiki iliyoyeyushwa hauna. Plastiki ya madumu uzito wake ni kama 0.95 ya maji. Lita 100 za ubao huo zina kilo 95, maji ya chumvi yanazisukuma kwa kilo 102 na nusu. Kilichobaki cha kukubeba wewe ni kilo saba na nusu. Atasimama kuku.

#14 Msasa80
Kuku wa kienyeji au wa kisasa?

#15 kusi_na_matlai
Hakuna aliyetaja mbao kuukuu za windsafu, zile za kusimama na tanga. Zile za zamani za kufundishia, ndefu na pana, lita 150 mpaka 220, wenye nazo wanaziweka stoo kwa sababu siku hizi watu wamehamia kwenye tiara. Hazina haja ya mlingoti. Ziba tundu la mlingoti, acha ule ubao wa katikati unaoshuka chini: ukiushusha chombo kinakwenda njia moja, ukifika pafupi unaupandisha. SUP yenyewe haina hicho. Kwa mtu wa kilo 75 chini ya lita 180 usichukue.

Unaponunua: pima kwanza. Mingi ina uzito ulioandikwa, au ulinganishe na mwengine wa aina hiyo. Ukiwa mzito kupita kawaida kwa kilo tatu nne, umekunywa maji ndani ya povu, na maji hayo hayatoki kwa kuanikwa siku mbili. Halafu pita na shilingi ukigonga sehemu ya kusimama, kila inchi mbili. Sauti kavu ni nzima, sauti nzito ni faiba iliyoachana na povu. Papo hapo bonyeza kwa kidole gumba, pakibonyea, paache. Tundu la ubao wa katikati ndiko kunakovuja zaidi, mwagia maji humo, geuza, subiri.

#16 Tausi_wa_Bwejuu
Na kukodi? Kwa anayeingia mara mbili kwa mwezi sioni kwa nini anunue chochote.

#17 MajiMafu
Gawa bei ya ubao kwa bei ya saa moja. Mfano wa hesabu tu, si bei ya mtu: ubao milioni moja na nusu, saa moja elfu 30, ni saa 50. Mara mbili kwa mwezi ni miaka miwili na mwezi mmoja. Ongeza viraka, pampu, mahali pa kuhifadhi. Kukodi kunashinda.

Au mchange watu watano. Hapa ndipo wengi wanapokosana, kwa sababu wanagawana siku za wiki. Bahari haijui Jumapili. Kwetu siku za bamvua (mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa sana) maji yanajaa mnamo saa kumi mpaka saa kumi na moja, na yanakupwa mnamo saa nne. Siku za maji mafu kinyume chake, saa nne ndiyo yamejaa. Mwenye zamu ya Jumapili asubuhi, wiki moja anapata bahari, wiki ya pili anapata mchanga na vigogo vya mwani. Gawaneni kwa mwezi wa kuandama: huyu mwezi 1 mpaka 6, yule 7 mpaka 12, na mwezi unaofuata mnasogea.

#18 Kipepeo_Jambiani
Ahsanteni. #17 hiyo ya kugawana maji ni kweli tupu. Lakini plaiwudi je? Fundi wa makabati yupo, msumeno upo.

#19 Randa_Nungwi
Plaiwudi inawezekana na ndiyo bora kwa mwenye mikono. Ubao wenye uwazi ndani si wazo la jana. Tom Blake wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1932. Vipimo vya mtu wa kilo 75: urefu mita 3.2, upana sentimita 76, unene 12 katikati na kupungua kwenye ncha. Zidisha hivyo vitatu, halafu zidisha kwa 0.75 kwa sababu ncha zimechongoka. Unapata lita 219.

Mahitaji: plaiwudi tatu za milimita nne, futi nane kwa nne. Kila moja ina kilo saba hivi, kwa hiyo ubao mzima pamoja na mifupa na gundi ya epoksi (ile ya kuchanganya sehemu mbili) utakaribia kilo 25. Plaiwudi ni mita 2.44 tu, kwa hiyo utaunga. Usiunge kwa kugusanisha ncha. Chonga mshazari mara nane ya unene, milimita 32, paka gundi, laza juu ya karatasi ya nailoni, weka matofali.

Ndani unaweka mti mmoja wa katikati kama mkuku, na mataruma (mbavu) ya kukingama kila sentimita 30. Pale utakaposimama, weka kila sentimita 15, la sivyo kisigino kitatoboa. Kila taruma litobolewe tundu la ukubwa wa kidole ili hewa ipite chumba hadi chumba. Ukisahau hilo tundu, umejenga vyumba kumi na kila kimoja kitavuja kwa wakati wake. Mifuniko: chini kwanza, kisha pande, kisha juu. Kabla ya kufunga juu paka ndani kote gundi nyepesi, mikono miwili yaani mara mbili, na hasa kwenye ncha za plaiwudi, ndizo zinazofyonza.

Mwisho toboa juu, karibu na omo, uweke kizibo cha shaba au plastiki chenye mpira. Ukiwa nchi kavu kifunguliwe. Ukiingia majini kifungwe. Hii si hiari.

Na plaiwudi yenyewe ijaribiwe. Kata kipande cha kiganja, chemsha saa moja, kaushe, chemsha tena. Tabaka zikiachana, ni ya ndani ya nyumba.

#20 Chombo_Kipya
Fundi, faiba na resini ya kawaida ya mashua si rahisi zaidi kuliko hiyo epoksi?

#21 Randa_Nungwi
Ni rahisi kwa bei. Resini ya poliesta haishiki mti vizuri. Mti unavimba na kunywea, ganda la poliesta ni kavu, mwaka haupiti linabanduka vipande. Kwenye chombo cha faiba tupu inafaa, kwenye plaiwudi nyembamba haifai. Epoksi pima kama kopo linavyosema, na uangalie kama uwiano ni wa ujazo au wa uzito, si kitu kimoja.

#22 Bi_Mwani
Na msichanganye nyingi kwa joto letu. Gramu 200 kwenye kikombe kirefu inachemka yenyewe, inatoa moshi, inakuwa jiwe mkononi. Imwage mara moja kwenye trei bapa. Paka asubuhi mapema.

#23 Randa_Nungwi
Asubuhi hapana. Asubuhi mti unazidi kupata joto, hewa iliyomo ndani inatanuka na kutoka, unapata mapovu kama uji. Mkono wa kwanza paka alasiri joto linaposhuka, mti uvute gundi ndani.

#24 Bi_Mwani
Alasiri halafu usiku unyevu unakaa juu, kesho unakuta utando wa mafuta mafuta na mkono wa pili haushiki.

#25 Randa_Nungwi
Utando unaoshwa kwa maji na dodoki, unapigwa msasa. Mapovu hayaoshwi.

#26 Jahazi_Kuukuu
Mnabishana gundi, mbona hamsemi kwa nini mbao hizi zinajaa maji baada ya wiki chache hata zikigundishwa vizuri? Kila anayezitengeneza analalamika hivyo. Mimi nasema ni yule mdudu wa bahari anayetoboa mbao za madau.

#27 Tezo_na_Randa
Yule anatoboa chombo kinachoshinda majini. Ubao unaolala nchi kavu haumfikii. Maji yanaingia kwenye matundu ya skrubu. Watu wanafunga kwa skrubu mpaka gundi ishike, wanazing'oa, halafu wanaziba kwa rangi. Rangi si gundi. Zibwe kwa vijiti vya mti vilivyochovywa epoksi.

#28 MajiMafu
Au ni kizibo kinafungwa ubao ungali wa moto. Tazama hesabu: lita 219 za hewa, ubao umekaa juani umefika nyuzi 55. Unauingiza kwenye maji ya nyuzi 27. Hewa inataka kupungua karibu sehemu moja ya kumi na mbili, ni lita 18 na zaidi. Kama kizibo kilikuwa wazi juani kikafungwa majini, hiyo nafasi inavutwa kupitia popote penye tundu la sindano, na penye tundu la sindano pako chini ya maji. Kwa hiyo ufunguliwe juani, ndiyo, lakini uoshwe kwa maji upoe kwanza, ndipo ufungwe, ndipo uingie. Hatua ya kupooza ndiyo watu wanairuka.

#29 Jahazi_Kuukuu
Basi ni jasho la ndani. Hewa yetu ina unyevu.

#30 MajiMafu
Unyevu wote uliomo kwenye lita 219 za hewa ya pwani ukigeuka maji ni gramu tano sita. Kijiko kimoja cha chai.

#31 Jahazi_Kuukuu
Kijiko kila siku, kizibo kikifunguliwa na kufungwa kila siku. Mwezi mzima hesabu mwenyewe, mwalimu.

#32 Tezo_na_Randa
Nimesema skrubu.

#33 Galoni_Njano
Kuna njia ya katikati: maboksi meupe ya povu ya kuwekea samaki. Yakate, yaunge, yafunike kwa faiba. Povu haliwezi kujaa maji mara moja.

#34 Randa_Nungwi
#33 tahadhari kubwa. Povu lile jeupe likiguswa na resini ya poliesta linayeyuka mbele ya macho yako kama sukari kwenye chai. Petroli nayo hivyo hivyo, kwa hiyo usilisafishe kwa petroli. Ni epoksi tu. Na povu la maboksi ni laini, kisigino kinaacha shimo. Weka plaiwudi ya milimita tatu juu penye kusimama, halafu faiba juu yake.

#35 Tausi_wa_Bwejuu
Na kafi? Za wavuvi wetu ni fupi, za kukaa.

#36 kusi_na_matlai
Urefu wako ongeza sentimita 20 mpaka 25. Mpini mti mwepesi ulionyooka, au bomba la alumini unene wa inchi moja na robo. Kidogo chini ya hapo linapinda. Bapa la plaiwudi milimita sita, upana sentimita 20, urefu 40, na liinamishwe mbele nyuzi kumi. Watu wanaliweka limeinama nyuma kama kijiko cha kuchotea, wakidhani litashika maji zaidi. Linanyanyua maji mwishoni mwa mvuto na kukuzamisha tezi. Upande wa juu weka kipande cha kukingama kama herufi T, kwa kiganja.

#37 Msasa80
Mzungushaji kama pia je? Ndilo lililoulizwa #1 na bado.

#38 kusi_na_matlai
Pezi. Hakuna pezi, unazunguka. Za dukani zinashuka sentimita 20 na zaidi, kwetu zinanasa kwenye majani ya bahari na kugonga jiwe. Tengeneza ndefu na fupi: inashuka 10, ndefu 40, nyuma kabisa.

#39 pondo_refu
Pezi haitibu kafi mbaya. Mpini ukiwa umelala, bapa liko mbali na ubao, kila mvuto unageuza omo. Mkono wa juu utoke nje ya ubao, mpini usimame wima, vuta mpaka nyayo zako na utoe. Ukipitisha nyuma ya nyayo unageuka.

#40 Randa_Nungwi
Zote sawa lakini ubao wa mita 2.4 utazunguka hata ukipiga kafi kama malaika. Urefu. Ndiyo maana nimesema 3.2, ndiyo maana mnaunga plaiwudi.

#41 Chombo_Kipya
Wale wanaonunua SUP kuukuu za kujaza upepo kutoka hotelini, mnasemaje? Nyingi zimefunguka pembeni, kwenye mshono. Sababu upepo kuzidi juani?

#42 MajiMafu
Ukijaza PSI 15 kwenye geji kivulini kwa nyuzi 27, ukaiacha mchangani ikafika nyuzi 60, geji itasoma 18 hivi. Inapanda, lakini nyingi zimetengenezwa kuhimili hiyo.

#43 Bi_Mwani
Basi ni gundi ya mshono kulainika kwa joto. Ubao mweusi mchangani saa saba mchana unaunguza mguu, gundi nayo inasikia.

#44 kusi_na_matlai
Mimi nalaumu mchanga na chumvi kwenye mkunjo. Unakunjwa mahali pamoja kila jioni, haujasuuzwa, baada ya msimu mmoja pale pale panakatika. Vyovyote, kabla ya kununua ujaze mpaka 15, upakwe maji ya sabuni kwenye mshono wote na kwenye valvu, uachwe usiku. Kuvuja kwenye valvu ni ufunguo wa kukazia tu. Tundu la katikati linazibika kwa kiraka cha PVC na gundi yake ya sehemu mbili, umesugua kwa msasa na kufuta kwa asetoni. Mshono uliofunguka zaidi ya kiganja uache, hata bure.

#45 Nahodha_wa_Wete
Salamu kutoka Pemba. Mmejenga sana, hamjasema upepo. Huko Jambiani na Paje kusi na kaskazi zote zinarudisha pwani, kwa hiyo upepo si adui sana. Adui ni maji yakianza kupwa siku za bamvua: maji yote ya ndani ya mwamba yanatafuta mlango wa kutokea, na ubao wako unakwenda nayo. Ukikaribia mlango toka mapema, usingoje. Upande wa magharibi ni kinyume. Bububu mpaka Mangapwani upepo unatoka nchi kavu, karibu na pwani maji kimya kama sahani, mita 300 nje unakuta umeshachukuliwa. Na kwetu Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Kwa pondo lako, #2, utagusa nini?

Kamba ya mguu muhimu kuliko kafi. Ukianguka, chelezo au ubao unapeperushwa kuliko unavyoogelea. Kamba ya nailoni mita tatu na kitambaa kipana kifundoni. Tyubu za lori zinazopendwa na watoto ndizo mbaya zaidi kwa hilo, zinashika upepo na hazina chini. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisifungwe ubaoni.

#46 pondo_refu
#45 nahodha, nimesema maji ya kifuani. Nani amekwenda Misali kwa pondo?

#47 Nahodha_wa_Wete
Anayesoma uzi huu na ana madumu kumi.

#48 Bi_Mwani
Na pondo lisichomwe kwenye matumbawe, jamani. Mchangani tu. Kwenye tope la mikoko lizungushwe kwanza ndipo livutwe, la sivyo chombo kinaondoka na wewe unabaki umekumbatia mti.

#49 Kipepeo_Jambiani
Nimesoma yote. Ya windsafu nitaulizia stoo, lakini plaiwudi nimeanza na jaribio la #19. Kipande kimechemka dakika 20 kikafunguka kurasa tatu kama msahafu wa chuoni.

#50 Randa_Nungwi
Hiyo ni ya kabati la vyombo. Rudi dukani, na safari hii ukachemshe kabla hujalipa.

#51 Tausi_wa_Bwejuu
Sufuria gani uliyochemshia?

#52 Kipepeo_Jambiani
Ya mchuzi.

#53 Tausi_wa_Bwejuu
Isirudi jikoni hiyo. Gundi ya plaiwudi si kiungo.